Tulianza Kuimba Mapema

Habari za kifo chake zilinikuta Sotik, nimesimama ndani ya duka la viatu nikijaribu gambuti la mguu wa kulia. Aliyenipigia simu alikuwa binti yake wa kwanza, na kwa kuwa binti huyo hanipigii ovyo, nilijua kabla hajasema. "Mzee ametuacha," akasema. "Jana mchana, baada ya kula. Alilala tu, tukafikiri anapumzika." Nikasema pole, nikasema tena pole. Mwenye duka, mama wa kutoka ng'ambo ya Kisii, akaniuliza kama gambuti linanibana. Nikamwambia linanibana, ingawa halikunibana hata kidogo, nikalivua nikatoka nje nikasimama kando ya barabara kama mtu anayengoja gari, na wala sikuwa nangoja gari.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba naogopa kuandika juu ya wafu. Mtu akishafariki huwa mwema ghafla, na sisi tunaobaki tunamsukuma awe mwema kupita alivyokuwa. Kwa hiyo niseme mapema: marehemu alikuwa mbishi. Alikuwa mtu wa kukatiza wenzake maneno, alikula sukari ya nyumba za watu kama aliyeinunua yeye, na akishika hoja yake hakuiachia hata ikichanika. Alikuja huku kwetu kijana kutoka upande wa ziwa, akaandikwa kazi katika kiwanda kimoja cha chai, fundi wa mashine. Wenzake walipostaafu walirudi kwao. Yeye alinunua kipande cha shamba si mbali na Silibwet, akapanda chai, akawa mkulima kama sisi. Tulimwita Jaduong', mzee kwa lugha ya kwao, na jina hilo likamkaa kuliko lile la kitambulisho. Kanisani hakuwa akiingia isipokuwa kwa harusi na mazishi, na hata hapo alikaa karibu na mlango akisema anapenda hewa. Hakutukana dini ya mtu. Mchango wa kujenga kanisa ulipopita nyumba kwa nyumba alitoa, kisha akauliza kama choo nacho kimo kwenye mpango.

Nilimjua kwenye kituo cha kununulia majani, pale tulipopeleka chai yetu mchana na kungoja lori la kiwanda. Siku hizo lori lilichelewa sana, na kuchelewa kwake ndiko kulikotusomesha. Magunia yalining'inia kwenye ndoano, tukiyapapasa mara kwa mara majani yasipate moto ndani, harufu yake mbichi imejaa kibanda chote, mvua ya alasiri inapiga mabati kiasi kwamba mtu mwenye hoja alilazimika kupiga kelele. Hapo ndipo tulipojadili kila kitu: siasa, ndoa za watu, kama mwezi unaharibu mbegu, kama Mungu anaona kila kitu na kama anaona, mbona. Sasa lori linakuja kwa wakati wake, nashukuru. Vijana wameinamia simu, na sina ugomvi nao. Kwenye mashamba makubwa mashine zinakata majani pale zamani ulipoona akina mama na vikapu mgongoni mpaka macho yanachoka, na zile nyumba za wafanyakazi, ambamo watu wa kwao Jaduong' waliishi wakapigiana redio kwa sauti, nyingi zimefungwa. Nikipita huko naona goli la mpira limesimama ndani ya nyasi ndefu. Sijui kama zamani kulikuwa kuzuri, au ni mimi nilikuwa na magoti mazuri.

Alasiri moja ya namna hiyo nilimuuliza, "Jaduong', wewe na Mungu mligombania nini?" Watu wakacheka, wakasogea.

"Mimi na Mungu hatuna neno," akasema. "Mimi niligombana na mkanda."

Akatueleza. Katika kile kiwanda alichoanzia kazi palikuwa na mkanda wa mashine uliozunguka wazi, hauna kifuniko. Mafundi walilalamika, wakaambiwa kifuniko kinakuja. Siku moja kijana wa zamu aliteleza kwenye sakafu yenye maji, akajishika, na mahali alipojishika ni pale. Kesho yake asubuhi wafanyakazi walikusanywa uani wakaombewa. Lilikuwa ombi zuri, Jaduong' mwenyewe alisema lilimtoa machozi. Aliyeomba alisema adui ameingia mahali hapa na leo anafukuzwa. Kisha king'ora kikalia, watu wakaingia kazini, na mkanda ulikuwa ukizunguka wazi kama jana. "Tuliombea mkono," akasema, "lakini mkanda hakuna aliyeufunika. Nikasema basi, wa kuombea wako wengi, acha mimi niwe mtu wa mkanda." Akaingia chama cha wafanyakazi, akasumbua wakubwa mpaka walichoka na sauti yake, na kifuniko kikawekwa.

Mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye hakupendezwa na hadithi hiyo, akamuuliza, "Na yule kijana, nani alimtembelea hospitali?"

Jaduong' akapapasa gunia lake ambalo halikuhitaji kupapaswa. "Watu wa kanisa," akasema. "Kila Jumamosi, na uji. Sisi wa chama tulienda mara moja, tukapiga picha." Kwa jibu hilo nilianza kumpenda. Mtu anayesema kweli inayomuumiza mwenyewe anaweza kubishana nawe mpaka jioni na usichoke.

Sasa niwape habari ya chai ya mama mmoja jirani yetu, kwa sababu tangu ile simu ya Sotik ndiyo inayonizunguka kichwani. Mama huyu ni mjane. Mume wake alimwachia mabinti, na shamba la chai linaloshuka kutoka barabarani hadi kijito. Upande wa pili wa ua alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu mume, mtu wa kanisa moja nasi. Shemeji huyu aliamini kwamba shamba lisilo na mtoto wa kiume limesimama tu likingoja kurudi kwa wenyewe. Alilisema hata kwenye kituo cha chai, kwa mzaha, "Mimi nangoja tu wasichana waolewe," na watu wakacheka. Wengi wetu tulilichukulia hivyo, kama mzaha. Ubaya mwingi hupitia mlango huo kwanza, uone kama kuna anayeufunga.

Msimu mmoja, majani yakiwa yamechangamka baada ya mvua, mstari wa chai ulio kando ya barabara ulibadilika rangi, ukakauka kama uliopitiwa na moto. Tulidhani ni baridi. Huku kwetu baridi ya alfajiri huchoma majani yakawa hudhurungi. Mchungaji alikuja na wamama wa maombi, wakazunguka shamba wakiimba, akasema huu ni mkono wa Shetani juu ya mjane na utakatwa. Jaduong' alipita na gunia lake, akasimama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Baridi haifuati mstari," akasema.

"Mchungaji ameshasema ni Shetani," mama akamjibu.

"Shetani hana pampu ya mgongoni, mama. Jirani ndiye ana pampu."

Basi likajulikana kuwa ni dawa ya kuua magugu, na kwamba aliyeipiga ana miguu miwili. Chifu alikuja akauliza. Kamati ya kituo, ambayo Jaduong' alikuwa ndani yake, ikauliza. Kila mtu alikuwa amelala siku hiyo, kila mtu alikuwa Bomet kwa shughuli zake, hakuna aliyeona. Maswali yao yakaisha kama moshi wa kuni mbichi, mwingi, wa kuumiza macho, na moto hauonekani.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya ndugu wawili na damu iliyolia kutoka ardhini. Hakuinua sauti kama kawaida yake. Alikuwa katikati ya maneno wakati shemeji aliposimama kwenye benchi la tatu, kofia mkononi, analia kama mtoto. "Ni mimi," akasema. "Mama wasichana, ni mimi nilipiga dawa chai yako. Shamba lilinila roho. Nili..." Lakini mchungaji alikuwa ameshashuka mimbarini amemkumbatia, na dada mmoja akaanzisha wimbo, na vigelegele vikaja, na sisi sote tukasimama. Mjane akaletwa mbele. "Mama, mbele za Bwana, unamsamehe ndugu yako?" Kanisa zima lilikuwa linamwangalia. Akasema, "Nimesamehe." Mimi nilikuwa hapo. Niliimba besi, na sijawahi kuimba vizuri vile.

Jumatatu kwenye kituo nilimfuata Jaduong' kwa majivuno kidogo. Nikamwambia, "Umeona? Chifu ameuliza, nyinyi mmeuliza, hakuna kitu. Neno limeuliza mara moja tu, mtu amesimama."

"Hiyo nakupa," akasema, na hakusema kwa shingo upande. "Hiyo ni kubwa. Mimi singeweza kumsimamisha." Kisha akanisogelea. "Alisema amepiga kiasi gani?"

"Kiasi gani cha nini?"

"Cha shamba. Mstari mmoja, ama zaidi?"

"Jaduong', mtu analia mbele ya watu, wewe unamuuliza mistari?"

"Ndiyo. Akilia ndio wakati mzuri wa kumuuliza."

Nilimwona hana moyo. Nikamwacha nikaenda kupanga foleni.

Hazikupita wiki nyingi, ile chai ya bondeni, karibu na kijito, ile mume wake aliyoipanda kwa mikono akiwa bado kijana, ikaanza kugeuka manjano. Yale ni mashina makubwa, yana mizizi ya miaka, na sumu inashuka ndani yake polepole kama mgeni asiye na haraka. Sisi ni watu wa chai. Tunajua kwamba dawa haisemi yote siku ya kwanza. Mtoto wa huku anajua. Na bado tulikuwa tumefunga jambo lile kwa wimbo kabla ya mizizi kutoa habari. Karibu nusu ya shamba ilikufa, na ilikuwa nusu iliyomlisha.

Mchungaji alienda kumtuliza, nami nikaandamana naye kwa kuwa nilikuwa mzee wa kanisa mwaka huo. Tulimkuta mama amesimama bondeni, mikono nyuma.

"Mama, tusirudi nyuma," mchungaji akamwambia kwa upole. "Ulishasamehe."

"Mimi nilisamehe mstari mmoja, mchungaji. Hii ingine sijaambiwa."

"Msamaha haugawanywi kama majani, mama."

"Basi nirudishieni ule wote, tuanze upya."

Sijawahi kusikia mtu akimjibu mchungaji hivyo. Tulisimama pale kama watu waliokuja kuazima kitu wakasahau ni nini.

Jambo likawa kubwa. Ndugu zake mjane walikuja kutoka upande wa Chebunyo, wafuga ng'ombe, watu wanyoofu, kila mmoja na fimbo yake. Mkubwa wao alisema mbele ya kila mtu, "Sisi hatujui mambo ya chai. Tunajua fimbo." Vijana wa upande wa shemeji nao wakaanza kukaa pamoja njiani, panga za kukatia ua mikononi, eti wanakata ua. Kila mtu aliona kinachokuja. Watu wakamwendea Jaduong', si kwa sababu ya busara yake, niwe mkweli, ila kwa sababu yeye peke yake hakuwa na shemeji upande wowote.

Alikubali kwa sharti moja, kwamba mazungumzo hayatafanyika kanisani wala kwa chifu, yatafanyika shambani. Tulikuwa wengi: wale ndugu wa Chebunyo, mchungaji, wazee, mjane na mabinti zake. Alimwambia shemeji, "Bwana, tutembeze. Usituambie. Tutembeze, na kila shina ulilopiga dawa uliguse." Tukashuka mstari kwa mstari. Yule mtu alikuwa anaweka kiganja juu ya kila shina, na kadiri tulivyoshuka ndivyo mabega yake yalivyoshuka. Karibu na kijito binti mdogo wa mjane alishindwa, akakimbilia nyumbani. Tulipofika maji Jaduong' akamuuliza, bila ukali, "Mbona kanisani hukusema ni yote hii?"

Shemeji aliangalia ile kofia yake. "Hamkuniuliza," akasema. "Nilikuwa nataka kuendelea. Mkaanza kuimba."

Mchungaji alifunga macho, na sidhani alikuwa anaomba.

Makubaliano yalikuwa ya mkulima, si ya wakili. Shemeji atang'oa visiki vyote mwenyewe, atapanda miche, ataipalilia na kuikinga na jua mpaka ianze kuchunwa. Na kwa muda wote huo, mjane atachuna mistari ya shemeji iliyo karibu na ua, iwe kama yake. Mkubwa wa Chebunyo hakuridhika. "Na fimbo?" akauliza.

"Fimbo yako itang'oa kisiki kipi?" Jaduong' akamuuliza.

"Haing'oi. Lakini inafundisha."

"Jembe pia linafundisha, shemeji yangu, na linakawia mkononi."

Wa kwanza kucheka alikuwa mjane, nadhani kwa sababu Jaduong' alikuwa amejitafutia ushemeji usiokuwepo. Ndugu zake wakalala siku mbili tatu, wakanywa maziwa, wakarudi kwao na fimbo zao zikiwa nzima. Mzee wetu mmoja aliguna kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Jaduong' akamjibu, "Hayazoleki, lakini mtungi unajazwa. Swali ni nani ataenda mtoni." Nikitaka kueleza imani ya mtu huyu kwa sentensi moja, natumia hiyo.

Ningependa kumaliza hapa, nikampa ushindi. Lakini haki yake mwenyewe inanikataza, kwa sababu yeye hakujipa. Shemeji alitimiza kila kitu. Aling'oa, alipanda, alibeba maji wakati wa kiangazi. Lakini alifanya kama mtu aliyekodishwa na adui yake. Kanisani hakurudi. Kwenye kituo alifika, akapima majani, akaondoka, na watu walipisha njia kama ng'ombe wanavyompisha mbwa wasiyemjua. Mke wake alimfuata Jaduong' siku moja mbele yangu, akamwambia, "Mzee, wangu analipa kila kitu. Lakini nyumbani hajarudi. Anakula na sisi, na hayuko."

Alipoondoka, Jaduong' alikaa juu ya gunia, kitu alichotukataza sisi wengine kwa kuwa kinaponda majani. "Mimi najua kumfanya mtu alipe," akaniambia. "Kumfanya arudi sijui. Hiyo sehemu ni yenu."

Nilimpelekea mchungaji maneno hayo, nikihofia atafurahi. Hakufurahi. Alisema, "Nikimwita tena mbele ya kanisa wataimba." Nikamwambia basi usimwite mbele. Akaanza kupita pale bondeni siku za kazi, bila Biblia mkononi, anasimama na yule mtu, wakati mwingine anashika miche wakati mwenzake anachimba. Na kwa mjane alienda mara moja tu. Alimwambia, "Mama, mimi sitakuuliza tena lile swali. Ukilijibu au usipolijibu, wewe ni wetu." Namsifu kwa hilo kuliko mahubiri yote niliyomsikia, na yako mazuri.

Nimekuwa nikijaribu kupima pande hizi mbili, na mizani yangu ni ya kituo cha chai, inayumba upepo ukivuma. Watu wa dini, ambao ni watu wangu, tuna jina la ubaya. Tunauita dhambi, na jina hilo lina nguvu ya kumsimamisha mtu kwenye benchi la tatu wakati chifu ameshindwa. Tunaamini mkosaji si kosa lake tu, kuna mtu nyuma yake anayeweza kuitwa akaja. Lakini tuna haraka. Tunapenda mwisho wa hadithi kuliko katikati yake, na tukiona machozi tunadhani kazi imekwisha. Tena tunamtwika Shetani mizigo ambayo ina wenyewe. Watu wa upande wa Jaduong', wa kamati na vyama na sheria, wao hawangoji mbinguni pafunguke ndipo wafunike mkanda. Wanauliza nani, wapi, kiasi gani, na nani atarekebisha, na kwa kuuliza hivyo wamewaokoa wengi ambao hatutawajua, kwa sababu mkono ambao haukukatwa hauna hadithi. Lakini wakishamaliza hesabu ya kosa hawana la kumwambia mkosaji. Anasimama hapo amelipa yote, na hakuna anayemwambia karibu.

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi mpaka tukachoka kuhesabu, alisikia habari hii akashangaa kwamba tunabishana. Alisema zamani wazee wa kokwet, wale wa mtaa waliokaa kusikiza kesi, walimfanya mtu arudishe alichoharibu na kisha wakahakikisha amekula na aliyemkosea. "Ilikuwa kitu kimoja," akasema. "Nyinyi mmekata ng'ombe katikati, mmoja amechukua mbele, mwingine nyuma, halafu mnaulizana mbona hatoi maziwa." Sina hakika zamani palikuwa panyoofu kiasi hicho. Bibi zetu nao wana magoti yao wanayoyakumbuka. Ila yule ng'ombe nimeshindwa kumsahau.

Siku ninayotaka kuwaachia ni ya miche ikiwa tayari imefika gotini. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa msitu, nasi, Jaduong' na mimi, tulikuwa tunapita njia ya juu na magunia kuelekea kituoni. Shemeji alikuwa bondeni anapalilia. Tukamwona mjane anatoka nyumbani, chupa ya chai mkono mmoja, vikombe viwili mkono wa pili. Jaduong' akanishika shati. Mama alishuka mpaka pale, akaketi juu ya visiki vilivyokuwa vimerundikwa, akamimina kikombe, akampa. Pale tulipokuwa maneno yalipanda vizuri, kama yanavyopanda kabla ya mvua.

"Kunywa. Ina maziwa ya leo."

Yule mtu alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa. "Mama wasichana," akaanza.

"Kunywa kwanza," akasema mama. "Halafu useme yote. Hapa hakuna mtu anaimba."

Akanywa. Kisha akaanza kusema, na alisema kwa muda mrefu, akionyesha shamba, akionyesha nyumba ya marehemu kaka yake, akijipiga kifuani. Hatukusikia zaidi kwa sababu Jaduong' alinivuta tuondoke; alisema hayo si ya kamati. Tulipogeuka mara moja tu, mvua ilikuwa imeanza matone makubwa, na bado walikuwa wamekaa, na mama alikuwa anamimina kikombe kingine.

Tulitembea mpaka karibu na kibanda. Ndipo aliponiambia, "Ile haikuwa kwenye makubaliano."

"Kanisani tunaiita neema," nikasema.

"Nyinyi ndio mlimfundisha?"

Nilifikiri jinsi tulivyomleta mbele na kumuuliza wote tukimwangalia. "Sijui," nikamwambia. "Labda ni wewe, ulivyomweka yule mtu shambani akachimba mbele ya macho yake."

"Sijui na mimi," akasema Jaduong', na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akiacha hoja chini bila kuiokota.

Jumamosi tutamsindikiza kwao, upande wa ziwa. Mchungaji ameomba nafasi ndani ya gari. Mjane anakuja na mabinti wawili, na shemeji ndiye atakayeendesha. Sitasema ni yupi kati ya wale wawili walionifundisha, mchungaji na Jaduong', alikuwa sahihi, kwa sababu nikiangalia vizuri naona kila mmoja alifika mahali fulani akakwama, na aliyevuka ni mama ambaye hakuwa na hoja yoyote. Ninachoweza kumwambia msomaji wangu ni kidogo. Siku mtu aliyekuumiza, au aliyeumiza jirani yako, akifungua mdomo kukiri, usikimbilie kumkumbatia na usikimbilie fimbo. Mwache aseme mpaka mwisho wa shamba. Mimina chai, ukae.